Mkaidi na Dari ya Bwana Prentiss

Ziwa la Midomo Miwili, Ontario
9 Februari 1986

Mpwa wangu Verna,

Pokea salamu za baridi, maana za moto zimeganda njiani. Huku wote wazima, na mimi mzima kuliko wote. Mama yako mwambie dada yake Delima bado anatawala kijiji kizima bila kuinuka kitini, na kile kikohozi kilichomshika wakati wa sikukuu kimeondoka chenyewe kwa aibu. Jirani yangu Eli amepata meno mapya, siku hizi anacheka hata pasipo na kichekesho ili tuyaone. Mbwa wangu Bosi hajambo.

Baridi ya mwaka huu usiiulize. Wiki iliyopita moshi uliganda ndani ya bomba la jiko langu, ukawa mgumu kama gogo. Nikapanda juu ya paa na shoka, nikaukata vipande, nikavitupa chini. Eli akapita, akaviokota akidhani ni kuni. Kuvitia tu jikoni kwake, nyumba nzima ikajaa moshi wangu. Kama huamini muulize, ila umuulize mimi nikiwepo.

Sasa jambo lenyewe. Mtumbwi wa marehemu baba, babu yako, uko hatarini. Jumapili Delima alituita chai. Akatoa mkate wa kikaangoni, na pembeni yake jamu ya beri. Nilipoiona jamu nikajua kuna hukumu, Delima hatoi jamu bure.

Akasema, "Ambrose, Mkaidi amelala ghalani mwangu tangu baba alipotutoka. Panya wamezaa ndani yake mpaka wameona wajukuu. Bwana Prentiss wa kambi ya wavuvi ameuomba mtumbwi. Anataka kuuning'iniza darini, chumba cha kulia wageni."

"Kuuning'iniza vipi?"

"Kifudifudi. Na taa ndani yake."

Chai ilinipalia, Verna. Mtumbwi aliouunda baba kwa mikono yake, mbavu za mwerezi, ngozi ya turubai, rangi ya kijani! Mtumbwi ambao tangu siku ya kwanza unavuta kushoto na hakuna aliyeweza kuufundisha adabu, ndiyo maana tukauita Mkaidi! Leo uwe kivuli cha taa, watu wa kusini wale samaki wa kukaanga chini yake wakiulizana kama ni wa kweli?

Nikamwambia, "Dada, chombo kile ni kizima."

"Chombo kizima huingia majini. Mimi mkubwa wenu ndiye niliyeachiwa, na nimeshasema. Prentiss anakuja kuuchukua tarehe kumi na saba Mei, kambi ikifunguliwa. Kabla ya hapo, kama yuko mtu wa damu yetu atakayeupeleka Mzunguko wa Baba, maziwa yote, mapito yote, akaurudisha hapa gatini, basi hautoki kwangu mpaka nife. Asipopatikana, wacha ukapendeze dari."

Eli akacheka na meno yake yote. "Nani aupeleke? Ambrose?"

Nikasimama. Nilisimama taratibu, kwa heshima ya mahali. Nikasema, "Mimi na Verna."

Kwa hiyo niandikie likizo yako ni lini. Usiogope kitu. Sheria ya baba unaijua: anayeubeba mtumbwi nchi kavu kwenye mapito, kutoka ziwa hadi ziwa, ndiye anayekaa nyuma majini akauongoza, na mwenzake hubeba mizigo akakaa mbele. Basi wewe utakaa mbele, utapiga kasia, utatazama ndege. Mtumbwi nitaubeba kwa mkono mmoja, wa pili nitashika kikombe cha chai.

Ni mimi mjomba wako, bingwa wa mapito yote toka hapa hadi kituo cha reli,
Ambrose Keesick


Winnipeg
23 Februari 1986

Mjomba Ambrose, shikamoo.

Barua yako imefika ikinuka moshi, kwa hiyo nimeanza kuamini. Mama hajambo. Amesoma ile habari ya paa mara mbili, akasema, "Mwambie huyo kaka yangu ana miaka hamsini na minne, paa amwachie paka." Mimi nipo pale pale kiwanda cha makoti, ila wamenitoa kwenye cherehani wamenipeleka stoo. Kutwa nabeba majora ya kitambaa begani. Mwanzoni nililia. Sasa nabeba mawili kwa mpigo na msimamizi ananipisha njia.

Habari ya dari imenikera kuliko majora yote. Namkumbuka Babu akinikalisha katikati ya Mkaidi juu ya gunia la mchele wa ziwani, akiniambia nisipumue upande wa kushoto. Siwezi kumwona Mkaidi akiwa taa.

Likizo yangu ni wiki ya kwanza ya Mei na hakuna nyingine mpaka Desemba. Nitashuka kwenye treni Jumapili tarehe nne, nirudi Jumamosi inayofuata. Najua ni mapema sana. Maji yatakuwa yamejaa na ya baridi ya kuua, mtu akitumbukia katikati ya ziwa hafiki ufukoni. Kwa hiyo tusikate ziwa katikati hata likiwa limetulia kama sahani, tufuate ukingo. Nimeshona mifuko miwili ya turubai nikaipaka nta, humo zitakaa nguo kavu za sufu na viberiti. Na utavaa jaketi la kuokolea, mjomba. Nimekununulia la rangi ya machungwa. Usinijibu kuhusu hilo jaketi, livae tu.

Uniambie chakula tunabeba nini, na mapito yapo katika hali gani baada ya dhoruba ya mwaka jana, nasikia miti imeanguka sana. Halafu yale Mapito Marefu, yenye kile kilima. Je, nami naweza kujaribu kuubeba mtumbwi, hata nusu tu?

Mpwa wako,
Verna


Ziwa la Midomo Miwili
21 Machi 1986

Mpwa wangu Verna,

Usiulize barua hii ilikuwa wapi. Posta ni posta. Sisi tunaendelea vizuri. Delima amepata miwani mpya, sasa anaona makosa ya watu mpaka ng'ambo ya ziwa. Eli aliinama juu ya tundu lake la kuvulia kwenye barafu, akacheka, meno mapya yakatumbukia. Kwa hiyo huko chini kuna samaki mmoja anatucheka, na Eli amerudi kula supu.

Umeuliza kama unaweza kuubeba mtumbwi. Mwanangu, ukitaka kubeba kitu beba chumvi. Hivi unajua unaandika kwa nani? Mwaka ule nilikuwa namwongoza mgeni mmoja, mnene, bwana wa viwanda vya soksi, akapitiwa na usingizi ndani ya mtumbwi. Tulipofika Mapito Marefu nikaona kumwamsha mgeni ni kukosa adabu. Nikaubeba mtumbwi wima, si kifudifudi, asije akamwagika. Nikapanda kilima, nikashuka kilima, nikauweka majini polepole. Alipoamka tulikuwa ziwa la pili. Akajinyoosha, akasema, "Ambrose, leo maji yametulia sana." Huyo ndiye mjomba wako.

Kuhusu chakula usiwe na wasiwasi. Unga, mafuta ya nguruwe, majani ya chai, mchele wa ziwani, nyama ya kulungu niliyoikausha mwenyewe, vyote nimeviweka kwenye kibanda changu cha kuvulia, pale katikati ya barafu. Ni friji ya bure, na panya hawaogelei.

Lakini nimeifikiria hiyo Mei yako. Barafu ya mwaka huu ni nene, nimeigonga kwa shoka, shoka likaniomba msamaha. Haitoki kabla ya mwisho wa Mei, mimi nakuambia, na mimi barafu naijua tangu ikiwa maji. Mei tutakuja kukaa ufukoni tunatazamana. Naona tungoje Julai. Julai ni mwezi mzuri, mtu analala hata bila hema. Prentiss tutamwambia asubiri, ana dari nyingi.

Naandika nikiwa nimeweka mguu wa kulia juu ya kiti. Si kitu, ni kwamba Bosi anapenda kulala chini yake.

Mjomba wako asiye na mpinzani,
Ambrose


Winnipeg
1 Aprili 1986

Mjomba,

Salamu kwa wote. Mama anamwombea Eli, na anamwombea yule samaki pia. Hapa theluji imeyeyuka barabarani, tunatembea kwenye tope la kila rangi.

Julai? Julai visubi watatula mpaka soksi, mapito yatajaa wageni na redio zao, na Mkaidi atakuwa ananing'inia na taa mbili tumboni tangu Mei. Tena wewe ndiye uliyenifundisha kwamba Mzunguko huo ni wa maji mengi, kwa kuwa maji yakipungua ule mto wa mwisho unabaki mawe matupu. Umesahau, au unanijaribu?

Niliuliza kuhusu miti iliyoanguka, nikajibiwa bwana wa soksi.

Na kibanda. Mjomba, miaka yote wewe ndiye wa kwanza kukivuta kibanda ufukoni. Theluji ikianza tu kutoa jasho, wewe na kamba. Halafu unakaa ukumbini kwako unamcheka Eli anavyohangaika na chake. Mwaka huu chako kiko katikati na chakula chetu kimo ndani. Kulikoni?

Nimekumbuka jambo lingine. Bosi ni mbwa wa kulala mlangoni. Sijawahi kumwona akilala chini ya mguu wa mtu.

Nimeshanunua tikiti.

Verna


Ziwa la Midomo Miwili
22 Aprili 1986

Mpwa wangu mpendwa,

Salamu nyingi mno, zaidi ya zile za kawaida. Delima mzima. Eli mzima, bado anakunywa supu. Bosi mzima.

Barafu imefanya haraka isiyo na adabu. Eli alikuja wiki iliyopita na pikipiki yake ya theluji, akasimama mlangoni hata kofia hakuvua. "Ambrose, kivute kile kibanda. Barafu inalia."

Nikamwambia, "Iache ilie, itanyamaza."

"Basi nikuvutie mimi. Wewe kaa tu ushike kikombe."

Verna, lile neno kaa tu lilinikaa vibaya. Nikamwambia kibanda cha Ambrose Keesick kinavutwa na Ambrose Keesick, na siku yake nitaiamua mimi.

Siku ikaamuliwa na upepo. Jumapili tulikuwa kanisani. Tumetoka, tunakuta nusu ya ziwa ni maji, na kibanda changu kinaondoka juu ya kipande chake cha barafu kuelekea kaskazini, bomba linafuka moshi, maana nilikuwa nimeacha jiko linawaka kidogo ili chai isigande. Kimesimama wima, kinakwenda kama meli ya abiria. Watu wote wakavua kofia. Eli akakipungia mkono. Delima akarekebisha miwani yake, akauliza, "Kimewaaga lakini?"

Sasa wewe utafikiri hiyo ni hasara. Mimi naona kimetangulia kutuandalia. Hakuna mtu mwingine katika nchi hii aliyewahi kutanguliza chakula cha safari kwa njia ya barafu.

Ila chakula ndiyo hakuna tena. Nikafikiri pia juu ya ile dari. Verna, dari si mahali pabaya. Ni pakavu, panya hawafiki, na taa haileti madhara ikiwa ndogo. Watu wakubwa wote mwisho wao huwekwa ukutani, na dari iko juu ya ukuta. Kwa hiyo labda usije. Nasikia tikiti ya treni hurudishwa mtu akiwahi.

Jana nilikwenda ghalani kwa Delima. Nilimgeuza Mkaidi, nikafagia mavi ya panya, nikampangusa. Halafu nikaingia nikakaa kidogo, nyuma, mahali pangu. Mtumbwi ukiwa ghalani hauvuti kushoto. Hilo ndilo sikulipenda.

Mjomba wako,
Ambrose


Winnipeg
26 Aprili 1986

Mjomba Ambrose, shikamoo tena na tena.

Mama alicheka kibanda mpaka akakaa chini. Amesema tangu utoto wenu hakuna kitu chako kilichowahi kuondoka kimyakimya. Tuko salama. Sirudishi tikiti.

Nina ombi, na ni la aibu kidogo, kwa hiyo ulisome ukiwa peke yako. Hapa stoo, wakati wa chai, kila mtu ana la kujisifia. Mmoja kaka yake ni bondia. Mwingine aliwahi kuumwa na dubu, anaonyesha na kovu. Mimi nina hadithi zako tu, na ndani ya hadithi zako zote anayebeba ni wewe. Ukiubeba Mkaidi na safari hii, itakuwa hadithi yako ya mia. Naomba hii moja uniachie. Mabega ninayo, muulize msimamizi.

Sheria ya Babu ni sheria, nikiubeba itanibidi nikae nyuma. Naomba radhi kwa hilo, si mimi niliyeitunga.

Lakini kuna kinachonitisha. Maji yakijaa, mawe yanajificha, na mimi macho ya maji sina. Naona mawimbi tu, siwezi kujua lipi lina jiwe chini na lipi ni la upepo. Turubai la Mkaidi likipasuka huko, kwisha. Bila mtu wa mbele anayesoma maji, siendi popote, na mtu huyo kwetu ni mmoja. Eli siwezi kumwomba, atacheka nikose kusikia.

Jingine ni matope. Mapema hivi njia zote zimelowa, mtu anakanyaga jani anazama hadi kiunoni. Nakuomba ukate fimbo nzuri ya mti mgumu, ya urefu wa kifua chako, yenye kichwa cha kushika, uwe unapima matope. Uitumie kila mahali, hata panapoonekana pakavu. Hasa hapo.

Chakula nakuja nacho. Tutakwenda mwendo wangu, na mimi ni mzito, napumzika mara kwa mara. Univumilie.

Jumapili tarehe nne, treni ya mchana. Bosi abaki kwa Mama Mkubwa Delima.

Mpwa wako,
Verna


Ziwa la Midomo Miwili
19 Mei 1986

Mpwa wangu Verna, nahodha wa siku sita,

Natumaini umefika salama na mabega yote mawili. Mama yako mpelekee samaki niliokupa, ukiwa hujawala njiani. Delima hajambo, Eli hajambo, nyasi zimeota. Visubi wametoka juzi, wamekuulizia.

Nakuandikia ili hadithi zetu zisije zikagongana. Watu wa stoo watakuuliza, watu wa dukani wameshaniuliza, na mimi nimeshawajibu. Kwa hiyo shika hivi.

Asubuhi ile gatini, tulipoweka tumbaku majini kuliomba ziwa njia, kama baba alivyofanya, hakuna aliyesema neno. Hilo liache kama lilivyo, sikuliongeza kitu. Halafu mimi nikaingia mbele, na Eli akapata sauti.

"Ambrose! Umekaa upande wa abiria!"

Nikamjibu, "Nimekaa upande wa macho. Huko nyuma ni upande wa mabega."

"Na hilo jaketi? Unauza machungwa?"

"Na wewe unanunua? Utayatafuna kwa meno gani?"

Kila mtu akacheka isipokuwa Eli, na ndivyo tulivyoondoka. Wewe utasema uliona sikio langu limekuwa jekundu. Lilikuwa la baridi.

Ukifika kwenye habari ya Ziwa Kuu, usipunguze. Mimi nimesema barafu ilikuwa na ukubwa wa mkoa. Ukweli unaujua: yale maziwa madogo yote yalikuwa wazi, nasi tukajisahau tukadhani na kubwa litakuwa hivyo. Kumbe lenye kina ndilo linalochelewa. Bamba la barafu limekaa katikati, na kati yake na mawe ya ufukoni kuna kichochoro cha maji cha kupita mtumbwi mmoja na nusu. Ukaniuliza, "Mjomba, tungoje au twende?" Mimi nikasema twende. Kama kuna mtu atauliza nani alisema twende, tulisema wote.

Tulipofika katikati ya kichochoro, upepo ukageuka. Barafu ile imechoka, ina ncha kama chupa iliyovunjika, ikaanza kuja kutoka kushoto. Na Mkaidi, huyo mtoto wa baba, anavuta wapi? Kushoto! Anaifuata kama ni shangazi yake! Nilisikia turubai likikwaruzwa. Na wewe huko nyuma ukapiga kelele, "Mjomba, siwezi kumgeuza!"

Hapa naomba usimulie vizuri. Nilipiga magoti, yote mawili, nikachomeka kasia upande wa kulia mbali nilivyoweza, nikaivuta ile pua ya mtumbwi. Pua ikaja. Nikakwambia, "Jiwe, pita kulia kwake. Jingine, pita kushoto. Sasa sukuma kwa nguvu za majora!" Tukaingia kwenye ile ghuba ndogo, na bamba likaja likagonga mawe nyuma yetu kwa sauti ya magari mawili yakigongana. Ukasema, "Ningekuwa peke yangu nyuma ningekuwa chini yake." Uliniandikia barua kwamba unahitaji mtu wa kusoma maji, na mimi nilijua unanibembeleza, mimi si mjinga. Lakini pale nilitazama sura yako, haikuwa ya kubembeleza. Hilo pia liache kama lilivyo.

Mapito Marefu. Uliubeba. Nasema mbele ya watu, uliubeba wote, toka maji hadi maji, na miti mitatu iliyolala njiani ukaivuka nayo ikabaki imelala. Pale ulipoteleza, sikuona. Pale nilipoteleza, hukuona. Kwenye kilima ulisimama, umeegemeza pua ya mtumbwi kwenye tawi, nikaanza kukueleza ile ya bwana wa soksi ili nikupe moyo. Ukasema kutoka ndani ya mtumbwi, "Mjomba, nyamaza, ukinichekesha nitauangusha." Basi nikanyamaza. Kutoka pale hadi chini ya kilima nilibeba kimya changu chote, na wanaonijua watakwambia huo ni mzigo.

Kibanda. Nilikuambia kimetangulia, ukanicheka, na tulikikuta kwenye mdomo wa mto kimeegemea mchanga kama mlevi anayengoja kufunguliwa mlango. Dubu alikuwa ameshapita. Alikula unga, mafuta, nyama, mchele, akalala juu ya godoro langu, lakini chai hakuigusa. Dubu mwenye heshima. Ile chai tuliyokunywa pale ndiyo chai bora niliyowahi kunywa katika maisha yangu, na maisha yangu unayajua yalivyo na chai.

Sasa sehemu ambayo hukuiona, kwa kuwa treni ilikuwa imeshakuchukua. Juzi, Jumamosi, Prentiss alikuja na lori na kamba mpya. Delima alimpokea gatini. Mkaidi amefungwa pale, maji yamo ndani, mkwaruzo mweupe ubavuni toka pua hadi katikati.

Prentiss akasema, "Mama Delima, huu si ule mkavu wa ghalani?"

"Ndiyo ule. Umeonja maji."

"Unakauka?"

"Hautakauka tena. Umeshapata kazi."

Akasimama na kamba yake mpaka nikamwonea huruma. Delima naye akaona huruma, kwa namna yake. Akasema, "Ila kama unataka kitu cha ukoo wetu cha kuning'iniza, uko mlango." Verna, alimpa mlango wa kibanda changu! Ule tulioung'oa tukauleta kama ushahidi! Una kucha za dubu juu mpaka chini. Prentiss alifurahi mpaka akamkumbatia Eli. Jana nimesikia umeshapanda darini, una taa mbili, na wageni wanaambiwa mwenye mlango alipigana na dubu. Mimi sikumwambia hivyo. Wala sikumkatalia.

Baadaye tukanywa chai kwa Delima. Nilikaa kiti changu cha karibu na jiko. Akaniangalia mguu. Akaiangalia fimbo. Nikajiandaa kabisa kwa hukumu. Akavuta chupa ya jamu, akaniongezea, akaendelea kunywa chai yake.

Nimeamua mwaka kesho wewe utaubeba tena. Nitakaa mbele. Nimewaeleza dukani kwamba nyuma anaweza kukaa mtu yeyote mwenye mabega, lakini mbele panataka mtu aliyezaliwa na macho ya maji, na mpaka sasa hajajitokeza wa kubisha. Omba likizo yako mapema.

Ni mimi mjomba wako, macho ya Mkaidi,
Ambrose Keesick

Nilisahau. Ile fimbo ya kupimia matope sikuitupa, nimeiegemeza mlangoni, maana matope ya mwaka huu yamezidi. Yamefika mpaka hapa ndani, kati ya kitanda na jiko. Asubuhi lazima nipime. Bosi amerudi kulala mlangoni pake.